Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Siku Tuliyokula kwa Mchina

Mama mkwe mpendwa,

Mbukwenyi. Nakuamkia nikiwa nimekaa kinyumenyume, mgongo nimeuelekeza Ihumwa ulikolazwa, ili hata barua hii isivunje adabu. Najua hukujifunza kusoma, na sasa umekufa, kwa hiyo vikwazo ni viwili. Lakini mimi nami sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa maandishi ya magunia na masanduku ya stesheni, na kama gunia la chumvi liliweza kunifundisha mimi, sioni kwa nini wewe, uliyekuwa na akili kuliko gunia lolote nililopata kulibeba, ushindwe huko uliko.

Nina jambo la kukiri. Limenikaa tangu siku ile tulipokula kwa Mchina. Watu wa kwenu wanaijua siku ile kwa jinsi ulivyoisimulia, na uliisimulia vizuri, mwaka hadi mwaka ikinoga. Ila uliacha kipande kimoja, na mimi nikakiacha hichohicho. Na kwa kuwa karatasi haina mlango wa kufunga, mtu yeyote anaweza kuiokota hii akaisoma. Basi nitaeleza kwa ajili yake pia, nawe univumilie nikirudia unayoyajua.

Kwetu sisi Wagogo mwanamume hamtazami usoni mama aliyemzaa mkewe. Hali chakula mbele yake, naye hali chakula mbele ya mkwewe. Wakiwa na la kuambiana, hupita kwa mtu wa tatu. Wapo wanaochinja mbuzi wakayamaliza hayo, wakakaa kama watu wengine. Sisi hatukuchinja. Ulisema adabu ni rahisi kuitunza kuliko mazoea. Katika tembe la nyumbani hilo si tatizo: mtu anakohoa, mwingine anapinda kona, maisha yanaendelea. Aliyejenga vile vyumba vya udongo nyuma ya stesheni ya Dodoma hakuwa na mkwe. Chumba chetu kilikuwa na mlango mmoja na dirisha la kupitisha paka.

Ulikuja mwaka wa pili tangu reli ifike. Mtoto wetu wa kwanza alikaa duniani miezi mitatu, na baada ya kumzika, mwanao Mwaja, mke wangu, alinyamaza. Hakulia, hakugomba. Alipika, alifagia, alinitengea maji. Nikimwuliza jambo alitikisa kichwa, na kutikisa kwenyewe kulikuwa kwa namna moja, iwe ndiyo au hapana. Siku moja nilivunja chungu chake makusudi ili anitukane. Aliokota vigae akavipanga pembeni ya ukuta. Habari hizo zilikufikia Ihumwa kwa wanawake wanaoleta maziwa mjini, nawe ukaja kwa miguu yako, na kamba umeitia begani.

Hukuficha ulichokijia. Kila aliyekuuliza kamba ni ya nini ulimjibu: "Ya kufungia mizigo ya mwanangu. Nampeleka nyumbani."

Basi ukakaa nje ya kile chumba, juani. Nikiwa ndani, huwezi kuingia. Ukiwa ndani, siwezi kuingia. Siku mbili nililala kwenye ghala la mizigo, na majirani wakaanza kunipa pole kwa kufukuzwa na mke. Mjomba wangu, aliyekuwa msemaji wetu tangu siku za posa, alikuwa ameshikwa na akida akabebeshwa mizigo ya serikali kwenda Kilimatinde, na serikali haikuuliza kama ana kazi nyingine. Kwa hiyo ulikuwa na neno la kuniambia, nami nilikuwa na neno la kukuambia, na kati yetu hapakuwa na mtu.

Ndipo Lii akaingia katika habari hii.

Wewe ulimjua kwa saa chache tu. Mimi nilikuwa nikimpelekea masanduku yake kila gari la moshi lilipofika. Aliletwa na Wadachi kulima katika mashamba ya Tanga, pamoja na Wachina wenzake wengi. Wengine walikufa, wengine wakarudishwa kwao, yeye akashika sufuria. Alipikia wapima reli kutoka pwani hadi kwetu, na reli ilipofika Dodoma akachoka kutembea. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, safi kuliko changu na kuliko chako, na alikuwa hapendi kutukumbusha, ila alitukumbusha.

Mgahawa wake ulikuwa katikati ya zile hoteli mbili za Wazungu zinazotazamana na stesheni, ya Mgiriki na ya Mdachi. Sisi kwenye hoteli hizo tuliingia kwa mlango wa nyuma tukiwa na kuni kichwani, tukatoka bila kuni. Kwa Lii tuliingia kwa mlango wa mbele tukakaa. Wazungu nao walikuja, jioni, wakishachoka na viazi. Ili wasituone tukila, na sisi tusiwaone, Lii alikuwa na kiambaza cha kukunja: fremu nne za mbao zenye bawaba, zimewambwa nguo iliyochorwa korongo. Upande huu Wadachi, upande ule sisi, na supu ilitoka kwenye chungu kimoja.

"Mlete mkweo kwangu," aliniambia nilipomweleza shida yetu. "Nina kiambaza."

"Kile ni cha Wadachi."

"Wadachi mchana wanakula hotelini. Saa sita mpaka saa tisa kiambaza hakina kazi."

Nilitangulia mimi, nikaingia kwa nyuma, nikakaa nimetazama ukuta. Kisha nikasikia hatua zako na za Mwaja zikiingia kwa mbele, nikasikia kiti cha Mdachi kikilalamika, maana ulikikalia kama unakalia jiwe la kusagia. Lii akasimama mwisho wa kiambaza, mahali ambapo anawaona wote, akiwa na taulo begani. Nadhani alijiona kama hakimu wa boma. Na kweli hatukuwa na mwingine.

Alileta mabakuli matatu ya tambi ndani ya supu ya kuku. Kuku alichinjwa na yule Mrangi wa Kondoa anayeuza kuku sokoni. Hilo uliliuliza kwanza, ingawa wewe si Mwislamu, kwa sababu ulitaka kuonyesha kwamba unajua kuuliza.

"Baba," ukamwambia Lii, "hizi kamba umezitoa wapi?"

"Ni unga wa ngano, mama. Nimezivuta kwa mikono hii."

"Na kwa nini hukuuacha unga ukawa unga, ukasonga ugali kama mtu mwenye kwao?"

"Kwetu, mama, tambi ndefu ni maisha marefu. Ndiyo maana hatuzikati."

Kisha ukasema, kwa sauti ya kutosha kupita korongo wote wanne: "Basi yule wa ng'ambo mletee fupi."

Nilicheka ndani kwa ndani, mama. Sikutoa sauti, maana mkwe hachekwi. Lakini niliposikia hivyo nilijua kwamba nina mahali pa kuanzia, kwa sababu mtu aliyekwisha kuamua hapotezi muda kukuchokoza.

Vile vijiti viwili Lii alivyokuletea, niliambiwa baadaye, kimoja ulikichomeka kwenye nywele na kingine ukampa Mwaja akushikie. Ukala kwa mkono, kama unavyokula mlenda, na ukasema ni mlenda uliosokotwa.

Mazungumzo yakaenda hivi. Wewe ulimwambia Lii, Lii akaniambia mimi, ingawa nilikuwa umbali wa mkono mmoja na nimesikia kila neno. Nami nikamjibu Lii, naye akakupelekea jibu ulilokwisha kulisikia.

"Mwulize huyo: mwanangu anakula nini hapa?"

"Mama anauliza mwanawe anakula nini."

"Mwambie anakula ninachokula mimi."

"Anasema anakula anachokula yeye."

"Ndiyo maana amekonda."

Ukauliza kuhusu maji, ukauliza kuhusu moshi wa treni, ukauliza kama ni kweli kwamba Mgiriki anafuga mbwa anayelala ndani. Nikajibu yote. Kisha ukafika ulikokuwa ukienda.

"Mwambie: nyumba yake imemfunga mwanangu mdomo. Nampeleka kwangu apate kulia. Hapa hawezi kulia, majirani wanasikiliza ukutani."

Lii akanigeukia, nami sikungoja anipelekee. Nilisema, nikitazama ukuta wangu: "Mwambie mama kwamba si nyumba. Mwambie na mimi nilimzika. Mikono iliyofukia ni hii. Akimchukua, nitabaki na kile chumba na yale mavazi madogo, na hatakuwepo hata mtu wa kunitikisia kichwa."

Lii hakulipeleka neno hilo. Alisimama tu, birika mkononi. Baada ya muda mrefu ulisema, taratibu, "Baba, mwambie nimesikia."

Kama tungeachwa hapo, sijui ungeamua nini. Nadhani ungemchukua, kwa huruma, na mimi ningekubali, kwa adabu, na wote wawili tungekosea. Lakini upepo wa Dodoma hauombi ruhusa. Ulivuma ule wa vumbi jekundu, mlango wa Lii ukafunguka wenyewe, na nyuma ya vumbi akaingia Mdachi, mmoja wa wapima ardhi, macho mekundu, pua imeziba, leso mdomoni. Nadhani alikuwa akielekea hotelini akakosa njia. Akapiga chafya mara tatu, akaona upepo unaingia nyuma yake, akakiona kiambaza, akanyoosha kidole.

"Weka pale. Mlangoni."

Lii alinitazama. Akaitazama kaptula ya Mdachi. Sikumlaumu na wewe usimlaumu: mtu mwenye chungu kimoja hawezi kubishana na serikali. Akakikunja kiambaza.

Nilikuwa na muda wa pumzi moja. Niliuvuta ule upande wa kitambaa cha meza uliokuwa ukining'inia, nikajifunika kichwa chote pamoja na bakuli. Nikasikia upande wa pili kaniki yako ikipepea, nikajua umefanya vilevile. Tukakaa hivyo, mama, vichuguu viwili, kila kimoja na supu yake, mvuke ukitoka pembeni.

Mdachi alitutazama. Nilijua anatazama kwa sababu aliacha kupiga chafya.

"Hawa wana nini?"

Lii alikuwa mtu wa kufikiri upesi. Mtu aliyetoka hai katika yale mashamba hakuwa na budi kuwa hivyo. "Mafua, bwana," alisema. "Wanajifukiza. Supu yangu ni dawa. Mtu anafunika kichwa, anavuta mvuke, anakunywa, vumbi lote linatoka."

Kisha nikasikia kiti kikivutwa.

"Lete na mimi. Na nguo."

Lii akamletea bakuli na taulo lake la begani. Na huyo bwana mwenye vyombo vya kupimia nchi nzima akajifunika kichwa chake kwa taulo la jikoni, akaanza kuvuta mvuke kwa kelele, na kwa kuwa njaa nayo ilikuwepo, akaanza kufyonza tambi.

Sasa fikiria aliyebaki. Katika mgahawa ule mwenye macho wazi alikuwa Mwaja peke yake, kijiti mkononi. Upande huu mama yake chini ya kaniki. Upande ule mumewe chini ya kitambaa cha meza. Katikati Mdachi chini ya taulo. Wote watatu tunafyonza. Hatukuacha kula, maana supu ilikuwa nzuri, na mtu akifunikwa na chakula chake hana kazi nyingine.

Mwanzo nilidhani ni kikohozi. Kisha sauti ikapanda. Mwaja alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakishika kiti, akacheka hadi akakosa pumzi, na halafu kicheko kikavunjika katikati, kikawa kile kilio ambacho hakuwa amekilia, kikubwa, cha kuita jina la mtoto. Alilia mbele ya serikali na mbele ya Mchina, hakujali ukuta wala watu wa ukutani.

"Nani analia?" Mdachi aliuliza kutoka ndani ya taulo.

"Dawa imeanza kufanya kazi, bwana," alisema Lii.

Mdachi alipomaliza alitoka akiwa na pua nyekundu, akasema kweli amepata nafuu. Lii akakirudisha kiambaza mahali pake. Nikasikia unampangusa Mwaja uso kwa ncha ya kaniki, ukimwambia maneno ya Kigogo ya kumwambia mtoto mdogo, ambayo sitayaandika hapa kwa sababu hayakuwa yangu. Kisha ukasema:

"Baba, mwambie huyo aliyekuwa chini ya kitambaa: nilikuja na kamba. Naondoka na kamba yangu. Nitafungia kuni njiani."

Hapo ndipo ulipokuwa ukiishia, ulipokuwa ukiisimulia. Wanao walipiga makofi, wajukuu wakataka uigize chafya za Mdachi. Sasa nisikilize kipande kilichobaki.

Kile kitambaa cha meza kilikuwa na tundu. Mzungu fulani alilichoma kwa sigara. Nilipokigeukia kicheko cha Mwaja lilikuja kukaa hapa, mbele ya jicho langu la kulia, wala sikulitafuta; ila nilipoliona nilitakiwa kufumba jicho, na sikufumba. Nilikuona, mama. Ulikuwa umeinua kaniki hadi puani ili upate kula, na pale juu ilikuwa nyepesi hata macho yako yakaonekana. Tambi moja ilikuwa imetoka mdomoni kwenda bakulini na wewe ulikuwa umesahau kuikata, kwa sababu ulikuwa unamtazama Mwaja akicheka. Sijaona mtu akitazamwa namna ile. Ulikuwa unauma midomo ili usimkatize.

Na niliona jambo jingine. Uso ule niliujua. Nilimwona Mwaja atakavyokuwa akizeeka, mikunjo yote mahali itakapokaa, na nilitamani kuwapo atakapoifikia. Nilikuwa nimeoa miaka mitatu, mama, na sijui kama kabla ya hapo nilikuwa nimeoa.

Nilipaswa kukiri siku ileile, wazee wakanitoza mbuzi, yakaisha. Nilinyamaza. Ulipokuja kututembelea niligeuza uso kama kawaida, nikageuza na shingo kwa kuongeza, na wewe ukamwambia Mwaja kwamba kati ya wakwe zako wote mimi ndiye mwenye heshima.

Ulipofariki kiangazi hiki, shemeji zangu waliniita kabla hawajakufunika. Walisema kifo kimeondoa mwiko, ningeweza kukutazama mara moja. Nilitikisa kichwa nikarudi nyuma. Watu walinisifu sana. Nilisifiwa msibani kwa adabu niliyoipoteza kwa Mchina.

Haya ndiyo niliyotaka kukuambia, na ningeishia hapa, ila kuna habari ya Mwaja, nayo ni yako kuliko yangu.

Tangu tulipokuzika alinyamaza tena. Nawe sasa uko mbali mno, huwezi kuja na kamba. Nilijaribu yote, chungu sikuvunja, nimejifunza. Juzi nikampeleka kwa Lii. Ameanza kuinama, lakini bado anazivuta zile tambi mwenyewe. Safari hii hatukuwa na haja ya kiambaza. Tulikaa tukitazamana, na nyuma ya kiambaza Wagiriki wawili walikuwa wakigombana kuhusu saruji. Lii alitoa pole zake kwa mikono miwili, akampa Mwaja bakuli kubwa, akarudi jikoni.

Alikula kimyakimya. Nikala. Nilikuwa nimekata tamaa alipoweka bakuli chini akasema, kama anaendeleza mazungumzo tuliyoyaanza asubuhi:

"Mama alisema ukitafuna unafumba jicho moja."

Tambi zilinikwama. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. "Alijuaje?"

"Na mimi nilimwuliza alijuaje." Mwaja alipangusa mdomo. "Akasema kaniki ile ilikuwa imechakaa, kitambaa chako kilikuwa na tundu, na mtoto hamhoji mtu mzima."

Halafu akanitazama nikitafuna, akacheka. Kidogo tu. Kwa mtu aliyefiwa na mama yake, kilitosha.

Kwa hiyo, mama, ulikuwa unaniona nami nikikuona, na miaka yote hii tuligeuziana migongo kwa uaminifu mkubwa, kila mmoja akimlinda mwenzake asijue. Sijui kama wazee wana mbuzi wa kosa la namna hiyo.

Binti yetu ana jina lako, na kwa kuwa jina la mkwe halitamkwi, mimi humwita Bibi, naye ameshajua kwamba baba yake hawezi kumkaripia. Leo asubuhi amemwaga maziwa. Mwaja alilitaja jina lako lote kwa ukamilifu, kwa sauti iliyofika stesheni, sauti yake ya zamani kabisa. Mimi nilisimama nikatoka nje, kama inavyotakiwa.

Pumzika mama. Na ukijigeuza usingizini, geukia upande wowote upendao.

Mkweo,
mume wa Mwaja